Theluthi mbili ya jinsia: kanuni inayotajwa sana na kueleweka kidogo

Siku ya uchaguzi wa Kenya wa Agosti 2022 nilikuwa karani wa kituo cha kupigia kura, ndani ya darasa la shule ya msingi lenye madawati yaliyosukumwa ukutani. Kazi yangu ilikuwa kumkabidhi kila mpiga kura karatasi zake sita: ya rais, ya gavana, ya seneta, ya mbunge, ya diwani, na ile ya zambarau ya Mwakilishi wa Kike wa kaunti. Majira ya saa nne asubuhi mzee mmoja mwenye bakora alizipokea, akazikagua moja moja, kisha akanirudishia ile ya zambarau.

"Mwanangu, hii umenipa kwa makosa. Hii ni ya akina mama."

"Hapana mzee, hii ni yako kama zile nyingine tano."

Akanitazama, akamtazama wakala wa chama aliyeketi nyuma yangu kana kwamba anatafuta shahidi, ndipo akaichukua. Kabla ya jua kutua wanaume wengine watatu walikuwa wamefanya vivyo hivyo, na mama mmoja alikuwa ameniuliza iwapo, akishapiga ile ya zambarau, bado anaruhusiwa kumpigia mwanamke kura ya ubunge.

Watu hao si wajinga hata kidogo. Tangu Katiba ya 2010 ianze kutumika, habari za viti vya wanawake zimewafikia vipande vipande: leo Bunge limekosa akidi, kesho Jaji Mkuu anataka livunjwe, kesho kutwa mwanasiasa yuko jukwaani analalamika kwamba wanawake "wanataka wapewe theluthi mbili". Hakuna aliyeketi nao akawapigia hesabu. Nami nimechoka kusikia kanuni hii ikisimuliwa kichwa chini miguu juu, kwa hiyo tuipige hesabu hiyo hapa, polepole.

Tuanze na maneno yenyewe. Ibara ya 27(8) ya Katiba ya Kenya inaitaka serikali ichukue hatua za kisheria na nyinginezo ili katika chombo chochote cha kuchaguliwa au kuteuliwa, watu wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili. Ibara ya 81 inairudia kanuni hiyo katika misingi ya uchaguzi. Basi. Neno "mwanamke" halimo katika kanuni hiyo, wala neno "mwanamume". Kilichowekwa ni kikomo, na kikomo hicho kinamhusu kila mtu.

Kwa mfano tu, chukua kamati ya mazishi ya watu 12. Theluthi mbili ya 12 ni nane. Wanaume saba na wanawake watano, kanuni imetimia. Wanawake wanane na wanaume wanne, imetimia pia. Wanaume kumi na wanawake wawili, imevunjwa, na wanawake kumi na wanaume wawili imevunjwa vilevile. Theluthi mbili ni dari ambayo hakuna jinsia inayoruhusiwa kuipita. Anayesema wanawake wanataka theluthi mbili ameichukua dari akaiita sakafu. Ikitokea siku moja Seneti ikajaa wanawake, wanaume watakaokimbilia mahakamani watabeba ibara hii hii mkononi.

Jambo la pili linalowachanganya watu ni milango ya kuingilia bungeni. Bunge la Kitaifa lina mitatu. Wa kwanza ni viti 290 vya maeneobunge, na hivi ni vya yeyote, mwanamume au mwanamke. Wa pili ni viti 47, kimoja kwa kila kaunti, ambapo wanaogombea ni wanawake peke yao lakini wanaopiga kura ni wapiga kura wote wa kaunti, ndiyo maana yule mzee alikuwa na haki ya karatasi yake ya zambarau. Wa tatu ni viti 12 vya uteuzi. Hivi hugawiwa vyama kulingana na idadi ya wabunge waliopata, kutoka kwenye orodha ambazo majina yake hupokezana, mwanamume kisha mwanamke. Jumla yake ni wabunge 349, ukimweka kando Spika.

Msomaji wa Tanzania asichanganye mlango wa pili na viti maalum vya kwao. Kule viti maalum vya wanawake hugawiwa vyama kulingana na kura vilizopata, kwa hiyo mbunge wa viti maalum hasimami yeye mwenyewe mbele ya wapiga kura wote. Mwakilishi wa Kike wa Kenya husimama. Huzunguka kaunti nzima, ambayo aghalabu ina maeneobunge matano, sita au zaidi, akitafuta kura kwa gharama inayokaribia ya mgombea useneta. Akifika bungeni, kura yake ina uzito uleule wa kura ya mbunge wa eneobunge. Jina lake limemponza: watu wamesikia "wa Kike" wakahitimisha kwamba anawawakilisha wanawake peke yao. Kisha wamemwona akizindua miradi ya vikundi kwa fedha za NGAAF, mfuko wa serikali wa kuwainua wanawake, vijana na wengine waliotengwa, wakadhani kazi yake ni hiyo tu. Anaiwakilisha kaunti, wanaume na wanawake wake.

Sasa hesabu yenyewe, na hapa naomba subira kidogo kwa sababu ndipo penye kiini cha mzozo wote.

Katika Bunge la wabunge 349, theluthi mbili ni 232 na ushei. Mtu hakatwi vipande, kwa hiyo jinsia moja isizidi 232, na ile nyingine iwe na watu 117 au zaidi. Wanawake wana uhakika wa 47 kupitia mlango wa pili. Mwaka 2022 walioshinda viti vya maeneobunge walikuwa karibu 30, yaani mmoja hivi kati ya kila wabunge kumi. Tuseme ni 30 kamili: tumefika 77. Tuwe wakarimu zaidi, tuseme viti vyote 12 vya uteuzi vimekwenda kwa wanawake, jambo lisilowezekana kwa kuwa orodha hupokezana jinsia: tumefika 89. Bado tumepungukiwa na watu 28. Na huo ndio uchaguzi uliowapa wanawake viti vingi zaidi vya maeneobunge katika historia ya nchi. Mwaka 2013 walikuwa 16 tu, na 2017 wakapita 20 kidogo.

Sasa nenda kwenye bunge la kaunti. Ukiingia utakuta kanuni imetimizwa bila kelele, katika nchi hiyohiyo, chini ya Katiba hiyohiyo. Kwa nini? Kwa sababu Ibara ya 177 iliyapa mabunge ya kaunti njia ya kuongeza viti baada ya kura kuhesabiwa. Chukua kaunti yenye wadi 30 ambazo zimechagua madiwani wanaume 27 na wanawake watatu. Ili wanaume 27 wasizidi theluthi mbili, bunge hilo linahitaji kuwa na watu 41. Kwa hiyo wanaongezwa wanawake 11 kutoka orodha za vyama, wanakuwa 14, na kanuni inatimia. Bunge la Kitaifa halikupewa njia hiyo. Ibara ya 97 imetaja idadi kamili ya viti na kufunga mlango.

Naifananisha hali hii na nyumba mbili zenye sheria moja, kwamba mgeni asilale njaa. Mama wa nyumba ya kwanza akiona wageni wamezidi, anaongeza maji na unga, ugali unatosha. Nyumba ya pili nayo imeandika sheria hiyo ukutani kwa wino mzito, lakini sufuria yake ni ndogo na haibadilishwi. Kila mara wageni wakija, wenye nyumba wanaikariri sheria, halafu wengine wanalala njaa.

Waandishi wa Katiba hawakusahau kabisa. Waliitwika serikali na Bunge kazi ya kutunga sheria ya kuziba pengo hilo. Na hapo ndipo danadana zilipoanza.

Kabla ya uchaguzi wa kwanza chini ya Katiba mpya, Mahakama ya Juu iliombwa itoe ushauri: je, kanuni hii lazima itimizwe mara moja katika uchaguzi wa Machi 2013? Desemba 2012 majaji walio wengi walijibu kwamba inaweza kutekelezwa hatua kwa hatua, lakini sheria iwe imepatikana kufikia tarehe 27 Agosti 2015. Jaji Mkuu Willy Mutunga peke yake alipinga, akiona haki hiyo ilistahili kutimizwa papo hapo. Leo nikiutazama mkondo wa mambo, naona kwamba alikuwa amewasoma wanasiasa vizuri kuliko wenzake. Agosti 2015 ilifika, Bunge likajiongezea mwaka mmoja. Mwaka huo ukaisha. Machi 2017 Mahakama Kuu ikalipa Bunge siku 60. Zikaisha. Mswada ukaletwa tena, na kwa kuwa ulikuwa wa kurekebisha Katiba, ulihitaji kuungwa mkono na theluthi mbili ya wabunge wote, yaani 233. Tarehe 27 Februari 2019 waliokuwa ukumbini walikuwa 174. Mswada haukushindwa kwa hoja. Wenye kuupinga hawakuhitaji hata kusimama wakajieleza. Ilitosha kukaa nje.

Waswahili husema dawa ya deni ni kulipa. Katiba nayo ilikuwa na dawa yake kali kwa mdaiwa sugu. Ibara ya 261 inasema Bunge likishindwa kutunga sheria liliyoamriwa na mahakama, Jaji Mkuu atamshauri Rais alivunje. Tarehe 21 Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimwandikia Rais Uhuru Kenyatta ushauri huo. Nchi ikapigwa na butwaa. Siku chache baadaye Mahakama Kuu ikausimamisha ushauri ule ili kesi zisikizwe, na Bunge lile likaendelea hadi mwisho wa muhula wake.

Hapa watu wengi huuliza: kama Katiba imesema livunjwe, mbona halikuvunjwa? Yalikuwapo maswali ya kweli ambayo mawakili walibishania. Je, wabunge waliochaguliwa 2017 waadhibiwe kwa uzembe ulioanzia kwa wenzao wa 2013? Na hata wangefukuzwa wote, uchaguzi mpya wa nchi nzima ungefanywa kwa sufuria ileile ya viti 349, na huenda Bunge jipya lingerudi na upungufu uleule. Mpango wa BBI, ule wa Uhuru Kenyatta na Raila Odinga wa kurekebisha Katiba, ulikuja na njia yake ya kuongeza viti, ukafia mahakamani Machi 2022 pamoja na mapendekezo yake mengine. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema kanuni ya theluthi mbili "ilikataliwa na mahakama", mkatalie. Mahakama zimeisisitiza tena na tena, na Mahakama ya Rufaa iliunga mkono agizo la siku 60 mwezi Aprili 2019. Iliyokwama ni sheria ya kuitekeleza, na imekwamia mikononi mwa Bunge.

Nakuja kwenye hoja ninayoisikia kila mahali, hata kwa wanawake wenyewe: mbona wasiende mashinani wapigane kama wanaume, badala ya kutafutiwa viti?

Wamekwenda. Wamekuwa wakienda tangu zamani, na bei waliyolipa imeandikwa. Bunge la kwanza la uhuru, la 1963, halikuwa na mwanamke hata mmoja aliyechaguliwa. Mwaka uliofuata Ruth Habwe, kiongozi wa wanawake, alijitokeza kugombea kama mgombea huru. KANU, chama tawala, ikamsimamisha uanachama. Ilibidi tungoje hadi 1969 ndipo Grace Onyango, aliyekuwa ameshakuwa meya wa Kisumu, akashinda kiti cha Kisumu Town na kuwa mbunge wa kwanza mwanamke wa kuchaguliwa. Mwaka 1974 akaingia Chelagat Mutai wa Eldoret North, msichana wa miaka ya ishirini na kitu, ulimi wake hauogopi kutaja ardhi za wakubwa wala wakubwa wenyewe. Mwaka 1976 alifungwa jela miaka miwili na nusu. Alirudi, wananchi wakamchagua tena 1979, na mwaka 1981 akalazimika kukimbilia Tanzania. Katika kundi la wabunge saba waliopachikwa jina la "madada wenye ndevu" kwa ukaidi wao dhidi ya serikali ya Moi, mwanamke halisi alikuwa yeye peke yake.

Kisha ikaja 1992. Mwisho wa Februari akina mama wa wafungwa wa kisiasa, wengi wao wazee wa vijijini, waliketi Uhuru Park na kugoma kula wakidai wana wao waachiliwe. Siku chache baadaye polisi waliwavamia kwa virungu na vitoa machozi. Baadhi ya akina mama wale walivua nguo. Kwa asiyejua, hilo si jambo la mzaha wala la kukosa adabu. Mama wa umri ule kumvulia nguo kijana wa umri wa mwanawe ni laana, silaha ya mwisho ya asiye na silaha. Wangari Maathai alipigwa hadi akapoteza fahamu. Lakini akina mama hawakukata tamaa. Walihamia Kanisa Kuu la All Saints, wakakaa humo takriban mwaka mzima, na mapema 1993 wengi wa wafungwa wale wakaachiliwa. Mwishoni mwa mwaka huohuo wa 1992, katika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya miaka mingi, wanawake sita walichaguliwa bungeni, Martha Karua na Charity Ngilu wakiwemo. Sita, katika Bunge la viti 188 vya kuchaguliwa. Miaka mitano baadaye Ngilu na Maathai wote wawili walikuwa kwenye karatasi ya kura ya urais.

Na ni mwaka huo wa 1997 ambapo Phoebe Asiyo, mbunge wa Karachuonyo, alileta bungeni hoja ya kuwatengea wanawake nafasi. Ikaangushwa. Kwa hiyo anayedhani kanuni ya theluthi mbili ililetwa na wafadhili mwaka 2010 ajue wanawake wa nyumbani walikuwa wameshabisha hodi kwa miaka mingi.

Basi, kama ujasiri haukukosekana, kinachozuia ni nini? Kwa maoni yangu lango kuu haliko kwenye kura ya Agosti, liko kwenye mchujo wa chama. Katika maeneo mengi ya Kenya mwenye tiketi ya chama kinachopendwa eneo hilo ameshashinda. Agosti ni kuthibitisha tu. Na mchujo ni mahali pa giza: mikutano ya usiku, wazee wanaokubaliana kwamba "zamu hii ni ya ukoo fulani", vijana wa kukodiwa, cheti kinachobadilishwa jina saa nane za usiku. Ada ya tume ya uchaguzi si kizuizi kikubwa, maana mwanamke anayegombea ubunge hulipa shilingi 10,000, nusu ya ile ya mwanamume. Mkono mtupu haulambwi: kinachomaliza wagombea ni magari, mawakala, na msururu wa watu wanaongoja mlangoni kila alfajiri. Mwanamke ambaye hati ya shamba iko kwa jina la mume au la baba mkwe ataweka nini rehani?

Halafu kuna vitisho. Mwaka 2017, msimu wa mchujo, nyumba ya Millie Odhiambo huko Mbita ilichomwa moto. Peris Tobiko alipotaka kiti cha Kajiado Mashariki mwaka 2013 alilaaniwa na wazee kwa kuthubutu. Alishinda, akawa mwanamke wa kwanza wa Kimaasai kuchaguliwa mbunge. Na zaidi ya moto na laana kuna lile swali ambalo mgombea mwanamume haulizwi kamwe, la nani ameachiwa watoto, na kama hajaolewa, kwa nini. Akiwa ameolewa ndani ya kaunti nyingine, kwao wanamwambia aende alikoolewa, na alikoolewa wanamwambia arudi kwao.

Hoja nyingine ni ya gharama. "Viti vya kuteuliwa vinatumaliza kwa kodi." Sehemu ya malalamiko haya nayakubali kabisa. Orodha za uteuzi huandikwa na vyama, na vyama vimewahi kuzijaza jamaa na marafiki wa wakubwa huku wanawake waliosota mashinani wakiachwa nje. Lakini idadi ya viti hivyo katika kaunti haiamuliwi na chama wala na wanawake. Rudi kwenye kaunti yetu ya wadi 30. Zilipochagua wanawake watatu, tuliongeza 11. Zikichagua wanawake saba na wanaume 23, tutaongeza watano. Zikichagua wanawake kumi na wanaume 20, kanuni imetimia kwenye debe na hakuna anayeongezwa kwa ajili ya jinsia. Mpiga kura anayelalamikia mishahara ya madiwani wa kuteuliwa ndiye mwenye ufunguo wa kuipunguza, na anaushika mkononi kila baada ya miaka mitano bila kuambiwa.

Wapo pia wanaowaita Wawakilishi wa Kike maua ya kupamba Bunge. Watazame walikokwenda. Gladys Wanga alikuwa Mwakilishi wa Kike wa Homa Bay kwa mihula miwili. Mwaka 2022 akawa gavana. Mishi Mboko alitoka kwenye kiti hicho Mombasa akaenda kushinda ubunge wa Likoni mwaka 2017. Millie Odhiambo, niliyemtaja, aliingia bungeni mara ya kwanza kwa uteuzi mwaka 2008, kisha akachaguliwa 2013, 2017 na 2022. Sophia Abdi Noor naye alianza kwa uteuzi, na mwaka 2017 akashinda Ijara, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mbunge wa eneobunge Kaskazini Mashariki. Ng'ambo ya mpaka, Samia Suluhu Hassan aliingia Baraza la Wawakilishi la Zanzibar mwaka 2000 kupitia viti maalum, akachaguliwa mbunge wa Makunduchi 2010, akaapishwa kuwa Rais Machi 2021. Magavana wanawake Kenya walikuwa sifuri mwaka 2013, watatu 2017, saba 2022. Mwananchi anapomwona mwanamke akifanya kazi, kura inayofuata huwa nyepesi kumpa.

Lakini hata aliyefika huko hukuta nyumba iliyojengwa bila kumfikiria. Tarehe 7 Agosti 2019 Zuleikha Hassan, Mwakilishi wa Kike wa Kwale, aliingia ukumbini akiwa amembeba mwanawe wa miezi mitano. Siku hiyo hakuwa na wa kumwachia, na jengo lile halikuwa na chumba cha kunyonyeshea kilicho tayari, ingawa sheria ya afya ya 2017 inawataka waajiri wawe nacho. Baadhi ya wabunge wanaume walipiga kelele. Aliyekuwa akiongoza kikao alimwamuru atoke, kwa kuwa mtoto ni "mgeni" asiyeruhusiwa ukumbini. Wabunge wanawake kadhaa walitoka pamoja naye. Nilipoiona ile picha, mama amesimama na mtoto begani katikati ya wanaume wenye suti wanaonyoosha vidole, nilielewa kwa nini idadi ni muhimu. Nyumba yenye wanawake 117 ingekuwa na chumba kile zamani, bila mtu kupiga hotuba.

Mwaka 2027 tunapiga kura tena mwezi Agosti. Kwa Bunge la Kitaifa, bila sheria, pengo ni kubwa mno kuzibwa kwa uchaguzi mmoja. Seneti ni habari nyingine, na sijui kwa nini haizungumzwi. Ina wajumbe 67, kwa hiyo kila jinsia inahitaji angalau 23. Wanawake wana 18 ambao Katiba imewahakikishia: 16 wa uteuzi, mmoja wa vijana na mmoja wa watu wenye ulemavu. Wanaobaki ni watano, kutoka kaunti zote 47. Mwaka 2013 hakuchaguliwa hata mmoja. Mwaka 2017 walikuwa watatu, na 2022 wakawa watatu tena: Fatuma Dullo wa Isiolo, Tabitha Karanja wa Nakuru na Agnes Kavindu wa Machakos. Wakiongezeka wawili tu, Seneti itakuwa imetimiza kanuni bila mswada, bila akidi ya 233 na bila barua ya Jaji Mkuu. Karatasi ya seneta ni ile ya manjano.